Dawa ya Kichina na Lugha Yake: Funzo Kutoka Bukoba na Muleba



Wazazi kadhaa wamefika ofisini kuuliza habari za kuwapeleka vijana wao China kusomea udaktari wa dawa za Kichina. Wengine walikuja na barua za mawakala mkononi, na baadhi ya barua hizo zasema kwamba lugha si kitu cha kumshughulisha mtu, kijana ataiokota huko huko. Ada ya masomo hayo, aghlabu, hutoka katika karafuu. Basi jambo hili ni la Chama, kwa kuwa fedha ya mchumo wa miaka miwili au mitatu yaweza kuteketea kwa shauri moja baya.

Jibu letu twalitoa mapema, kisha tutaeleza sababu zake. Kijana anayetaka dawa ya Kichina aanze na Kichina, tena akisome barabara kabla ya kushika kitabu cha dawa. Na akisharejea na elimu hiyo, kazi yake kubwa itakuwa katika miti ya kwetu. Ili jambo hili lifahamike, tutasafiri kwa fikira mpaka Bukoba na Muleba, katika mkoa wa Kagera.

KWA NINI BUKOBA NA MULEBA?

Msomaji wa Wete au Mkoani aweza kuuliza, huko kwatuhusu nini? Kwatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa huko ni wakulima wa miti kama sisi. Sisi twatazama mikarafuu, wao wana mibuni iliyopandwa kati ya migomba. Chama chao kikuu cha ushirika kilianzishwa mwaka 1950 kwa jina la Bukoba Native Co-operative Union, kikapita katika mageuzi mengi, nacho ndicho kiitwacho leo KCU. Mzazi wa huko humsomesha mtoto kwa kahawa, kama sisi tunavyosomesha kwa karafuu. Pili, huko ndiko inakoonekana wazi faida ya dawa iliyotoka China, na huko huko ndiko inakoonekana hatari ya kuipoteza.

Muleba ni nchi ya vilima na mabonde kando ya Ziwa Victoria, na malaria ya huko imekuwa na desturi ya kuzuka kwa ghafula na kwa nguvu. Wataalamu wameifanyia kazi kubwa. Miaka kumi hivi iliyopita, vyandarua vya namna mpya, vilivyotiwa dawa pamoja na kitu kiitwacho PBO cha kuishinda sugu ya mbu, vilijaribiwa katika vijiji vya Muleba. Vikaonekana kuwakinga watoto kuliko vile vya zamani, na kutokana na matokeo hayo Shirika la Afya Duniani likatoa nasaha mwaka 2017 kwamba vitumiwe. Basi asidhani mtu kwamba elimu hutoka Ulaya na China tu. Mwaka huo dunia ilijifunza kutoka Muleba.

Lakini mtu akishaugua, chandarua hakimponyi. Hapo yatakiwa dawa. Mwaka 2006 Tanzania Bara iliacha dawa ya SP iliyokuwa imezoewa na vijidudu, ikachukua dawa mseto iitwayo ALu, yaani artemetha na lumefantrini. Sisi Zanzibar tulitangulia mwaka 2003 kwa dawa mseto nyingine ya jamii hiyo, ya atesunati na amodiakwini. Artemetha na atesunati zote mbili ni watoto wa mama mmoja, naye ni artemisinini, na artemisinini yatoka katika mmea wa jamii ya pakanga ambao Wachina huuita qinghao.

BIBI ALIYESOMA KITABU CHA ZAMANI

Habari ya dawa hiyo yafaa ijulikane na kila mzazi anayefikiria masomo haya, kwa sababu ndani yake mna somo zima la lugha.

Mnamo tarehe 23 Mei, 1967, serikali ya China ilianzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa mpya ya malaria, na kutokana na tarehe hiyo kazi ikaitwa Mradi 523. Wakati huo vita vya Vietnam vilikuwa vinapiganwa, na askari walikuwa wakifa kwa homa. Mwaka 1969 Bibi Tu Youyou wa Akademia ya Tiba ya Kichina, Beijing, alipewa kuongoza kikundi kimoja. Bibi huyu alikuwa amehitimu elimu ya kisasa ya madawa mwaka 1955 katika Chuo cha Udaktari cha Beijing. Baadaye, tangu 1959 hata 1962, aliwekwa darasani muda wa miaka miwili na nusu kusomeshwa tiba ya asili ya Kichina. Kwa hiyo alikuwa na elimu mbili kichwani, wala hakuacha moja kwa ajili ya nyingine.

Kikundi chake kilikusanya maagizo ya dawa zaidi ya 2,000 kutoka vitabu vya zamani na kwa waganga wazee. Qinghao ulikuwa miongoni mwake, lakini ulipojaribiwa ulionyesha nguvu mara moja, mara ya pili usionyeshe kitu. Bibi Tu akarudi vitabuni. Katika kitabu cha tabibu Ge Hong, aliyeishi karne ya 4, alikuta agizo fupi la kutibu homa za vipindi. Lilimtaka mgonjwa atwae konzi ya mmea huo, auroweke majini, aukamue, na anywe maji yake. Halikutaja moto wala kuchemsha.

Wengi walikuwa wamepita katika maneno hayo wasione kitu. Yeye akauliza: mbona hapa hawakuchemsha, na karibu kila dawa ya Kichina huchemshwa? Akafahamu kwamba pengine joto ndilo linaloua nguvu ya dawa. Akaacha kuchemsha, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto la digrii 35 hivi tu. Katika mwezi wa Oktoba 1971, sampuli yenye namba 191 iliua vijidudu vyote katika panya waliojaribiwa. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza, kuona kama haina madhara, kisha wakawapa wagonjwa. Mwaka 2015 akapata sehemu ya Nishani ya Nobel ya udaktari.

Sasa angalieni, ndugu zangu. Ufunguo wa kazi yote ile ulikuwa katika sentensi moja ya Kichina cha kale. Mtu asiyeweza kuisoma asingeliweza kuuliza lile swali. Na mtu aliyeweza kuisoma, lakini asijue etha wala panya wa kujaribia, angeliishia kusifu hekima ya wazee tu. Dawa inayomwokoa mtoto wa Muleba leo ilitoka pale elimu mbili zilipokutana katika mtu mmoja anayesoma.

Sisi tuliopitia chuoni twalijua vizuri jambo hili. Mtoto aweza kuhitimu msahafu mzima, akausoma kwa tajuidi isiyo na dosari, na asijue maana ya aya moja. Thawabu ya kusoma ataipata, inshallah, lakini hukumu hawezi kutoa, maana hana Kiarabu. Anayesoma dawa ya Kichina kwa tafsiri tupu yuko katika hali kama hiyo, ila yeye atakuwa na mgonjwa mbele yake.

JINA MOJA, MITI MIWILI

Hatari ya kutojua lugha si ya kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mji wa Brussels, Ubelgiji, kina mama waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza unene walianza kuharibika mafigo. Madaktari walipochunguza, walikuta kwamba katika dawa zile ilitakiwa mizizi ya mmea uitwao kwa Kichina han fangji, na mahali pake pametiwa mizizi ya mmea mwingine, guang fangji. Majina hayo yakaribiana, lakini miti yenyewe ni ya jamii mbalimbali, na ule wa pili una sumu ya kuua mafigo na kuleta saratani. Zaidi ya wanawake 100 walidhurika, na wengi wao walipoteza mafigo kabisa.

Hata karafuu yetu ina habari kama hiyo. Wachina huiita dingxiang, na maana yake ni msumari wenye harufu nzuri. Wameijua zamani sana. Yasimuliwa kwamba katika enzi ya Han watu wa barazani walikuwa wakitia karafuu mdomoni kabla ya kusema mbele ya mfalme. Waganga wao huitumia kupasha joto tumbo lililopoa, na kuzuia kwikwi na kutapika. Lakini jina hilo hilo dingxiang ni jina pia la kichaka cha maua cha nchi za baridi, kisichohusiana na mkarafuu hata kidogo. Kisha wana "karafuu mama", ambayo ni tunda la mkarafuu lililoachwa mtini mpaka likaiva. Tena mafundisho yao ya kale yakataza kuchanganya karafuu na yujin, ambayo ni mizizi ya jamii ya manjano, na sisi visiwani twauza karafuu na manjano katika duka moja! Kama katazo hilo lina ukweli katika mwili wa binadamu, ni jambo la kupimwa. Lakini kijana asiyesoma Kichina hatajua hata kwamba limo kitabuni.

HATARI ILIYOPO KAGERA SASA

Twarudi Kagera, kwa sababu huko kuna habari inayotakiwa kutuamsha. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2021 ulionyesha kwamba vijidudu vya malaria katika mkoa huo vimeanza kupata mabadiliko yanayovifanya vistahimili artemisinini. Katika kila sampuli 100 za mkoa, karibu 8 zilikuwa na mabadiliko hayo, na katika wilaya ya Karagwe, iliyo jirani ya Bukoba na Muleba, zilikaribia 23. Mwaka 2022 wagonjwa walipofuatiliwa huko Karagwe, ilionekana kwamba dawa inachelewa kuviondoa vijidudu katika damu ya baadhi yao.

Asiogope mtu akaacha dawa. Katika uchunguzi huo huo dawa mseto ziliendelea kuponya, kwa kuwa dawa ya pili iliyomo husaidia kazi. Lakini ndivyo ilivyoanza kwa klorokwini, na ndivyo ilivyoanza kwa SP. Siku moja itatakiwa dawa nyingine, na hapana mtu ajuaye ni mti gani unaoificha.

Kagera yenyewe ina miti mingi. Wataalamu wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, pamoja na wenzao, walikwenda huko wakaandika miti ya dawa kwa kuwauliza waganga wenyeji. Huko Bugabo, Bukoba, waliandika aina 94, habari zake zikatolewa mwaka 2009. Katoro, Bukoba vilevile, waliandika 33. Katika kijiji cha Kikuku, Muleba, waliandika 49, zikatolewa mwaka 2012. Kuandika jina ni mwanzo tu. Kila mti wataka mtu wa kuuliza kama Bibi Tu alivyouliza: wazee huuchuma lini, hutumia jani au mzizi, huuchemsha au huuroweka, na kwa nini?

Ge Hong aliandika, na maneno yake yakangoja miaka 1,600 mpaka akatokea msomaji. Mganga wa Kikuku hakuandika. Akifa, kitabu chake chazikwa naye. Na hivyo ndivyo ilivyo Pemba na Unguja pia.

Mkoa huo umeshaonja faida na mipaka ya dawa hizi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana Kagera, mwaka 1983. Kuanzia 1987, kwa mapatano ya serikali mbili, waganga wa Kichina walikuja Muhimbili kuwatibu wenye ugonjwa huo kwa dawa zao za asili, nao waliendelea kwa miaka mingi. Lakini kilichogeuza hali ya wagonjwa ni dawa za kupunguza makali ya virusi, zilizoanza kutolewa na serikali mwaka 2004. Tena mwaka 2023 Bukoba ilipopatwa na homa ya Marburg, waliougua ni 9 na waliokufa ni 6. Kilichoizuia ni kupima damu, kuwatenga wagonjwa na kuwafuata waliokutana nao. Mganga mwema ajue pia ni wakati gani wa kuweka chini dawa yake na kumkimbiza mgonjwa hospitali.

NJIA YA MASOMO ILIVYO

Sasa tuseme habari za safari yenyewe.

Kwanza, wazazi wasichanganye mambo mawili. Kuna udaktari wa kisasa unaosomeshwa China kwa Kiingereza kwa wanafunzi wa kigeni, na kuna tiba ya asili ya Kichina, ambayo kwa kawaida husomeshwa kwa Kichina na huchukua miaka mitano. Hata yule anayesoma kwa Kiingereza hana budi kujifunza Kichina, maana wagonjwa wa wodini hawasemi Kiingereza.

Pili, kuna mtihani wa Kichina uitwao HSK. Vyuo vingi vinavyosomesha tiba kwa Kichina hutaka daraja ya nne au zaidi, na wanaopata msaada wa masomo wa serikali ya China aghlabu hutangulizwa mwaka mmoja wa lugha tupu. Mwaka huo usionekane kuwa hasara. Tena HSK ni Kichina cha leo. Vitabu vya tiba vina Kichina cha kale, na wanafunzi wa tiba husomeshwa somo lake peke yake. Tofauti yake ni kama mtu aliyejifunza Kiswahili cha sokoni, kisha akapewa waraka wa babu zetu ulioandikwa kwa hati za Kiarabu.

Tatu, Kichina chaweza kuanzwa hapa hapa nchini. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vyote vilifungua Taasisi za Confucius mwaka 2013, na kwa upande wetu mzazi na aulize Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, juu ya masomo yaliyopo. Kijana wa Muleba ana safari ndefu kuliko wa kwetu kufikia darasa la namna hiyo, na wapo wanaoifanya kwa ajili ya elimu nyingine. Anayeshindwa kuvumilia mwaka mmoja wa Kichina akiwa nyumbani atashindwa na mitano akiwa ugenini kwenye theluji, na ni afadhali ajulikane mapema.

Nne, chuo kichunguzwe. Vyuo vya kwanza vya serikali vya tiba ya Kichina, vya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, vilifunguliwa mwaka 1956. Nanjing nako kuna chuo cha tiba hiyo, nao ni mji mkuu wa jimbo la Jiangsu, jimbo linaloleta madaktari Zanzibar tangu mwaka 1964. Madaktari hao ndio tunaowaona Mnazi Mmoja na katika hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Mzazi aweza kuwaendea kwa adabu akawauliza juu ya chuo kabla hajatoa senti kwa wakala.

Tano, aulize mapema atakaporudi ataandikishwa na nani. Bara kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake, na Zanzibar ina Baraza lake. Shahada ya tiba ya Kichina si sawa na shahada ya udaktari wa hospitali, na wakala asiyelitaja jambo hilo anaficha kitu.

Neno moja kwa wakulima. Asije mtu akang'oa mikarafuu apande qinghao. Mwaka 2005 bei ya artemisinini ilipita dola 1,000 kwa kilo. Wakulima wengi wa China, Vietnam na Afrika ya Mashariki wakaupanda, na kufika 2007 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 200. Sisi twaijua hadithi ya bei inayopanda na kuanguka, hatuhitaji kuisoma mara ya pili. Wala asichemshe mtu majani yake akayanywa kama chai ya kutibu malaria. Shirika la Afya Duniani halikubali jambo hilo, kwa kuwa kipimo chake hakijulikani, na dawa isiyotosha huwafundisha vijidudu kustahimili. Kwa hali ya Kagera tuliyoieleza, hiyo ni kutia kuni motoni.

Wazee hupenda kutukumbusha kwamba elimu itafutwe hata China. Wanavyuoni wa Hadithi wamedhoofisha isnadi ya maneno hayo, lakini maana yake hapana aliyeikataa. Basi anayekwenda aende na lugha, na anaporudi akae mbele ya wazee wa kwetu, wa Kikuku na wa Konde, na daftari mkononi.

Mwanachama mwenye kijana anayetaka safari hii na afike ofisini pamoja naye, waje na barua ya chuo na ya wakala. Tutazisoma pamoja kabla ya msimu wa kuchuma.

Wabillahi taufiq.

Katibu wa Chama